Aliyefungiwa Nje Hahesabiki

Swali: Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini kama mhandisi wa programu. Timu yetu ya watu watano inatengeneza huduma ya kuandikisha watu, kwa simu na kwa kompyuta. Fomu yetu inadai jina la kwanza na jina la ukoo, jinsia moja kati ya mbili, na tarehe ya kuzaliwa inayochaguliwa kwenye kalenda. Mwishoni mtu anajipiga picha ya uso ili mfumo umtambue. Nilipoijaribu kwa kisoma skrini, yaani programu inayowasomea wasioona kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, nilikwama kwenye kalenda, sikuweza kusonga mbele wala kurudi. Kiongozi wa timu akasema takwimu zetu zinaonyesha watumiaji wa namna hiyo hawafiki asilimia moja, kwa hiyo tuzindue kwanza, tutarekebisha baadaye. Je, hili kweli ni suala la maadili, au ni uungwana tu unaoweza kusubiri? Na mtu wa cheo changu afanye nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Ni suala la maadili, na nitakueleza kwa nini. Lakini tuanze na ile asilimia moja, maana ndiyo iliyokunyamazisha kwenye kikao, na utakutana nayo tena kila uendako katika kazi hii.

Muulize kiongozi wako kwa adabu: takwimu hiyo ilipatikanaje? Kivinjari hakiiambii seva kwamba mtu anatumia kisoma skrini. Kimeachwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu hali ya mwili wa mtu ni siri yake, na hakuna anayepaswa kuijua kwa kuwa tu amefungua ukurasa. Basi ama mtu alikisia, ama alihesabu kitu kingine akakipa jina hilo. Na hata kama kungekuwa na njia ya kuhesabu, mfumo huhesabu waliopita mlangoni. Asiyeona akifungua fomu yenu, akakwama kwenye kalenda kama ulivyokwama wewe, akaghairi, kumbukumbu za mfumo zitamwandika kuwa mgeni aliyekaa dakika mbili akaondoka. Hapana mahali panaposema kwamba aliitaka huduma akazuiwa. Mwezi ujao ripoti itaonyesha tena kwamba watu kama yeye hawapo, na ripoti hiyo hiyo itakuwa hoja ya kuendelea kuwazuia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya 6. Si wote wanaotumia kisoma skrini. Yuko asiyeweza kushika kipanya, yuko anayeona ukungu, yuko kiziwi, yuko anayehitaji sentensi fupi ili aelewe anachoulizwa. Upofu wa rangi peke yake, kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, humpata mwanamume 1 kati ya 12. Fomu inayoonyesha kosa kwa kuzungushia kisanduku rangi nyekundu, bila neno lolote, huyo imemwacha akitafuta amekosea wapi.

Naomba nikusimulie jambo moja. Nilipokuwa mgeni kazini kama wewe, niliandika fomu ndefu na kuuwekea kila ukurasa ukomo wa dakika kumi, kwa sababu za usalama. Niliijaribu mwenyewe, nikamaliza kwa dakika tatu, nikaridhika. Kwa miezi kadhaa ripoti ilionyesha watu wengi wanaishia ukurasa wa tatu, nasi tukakubaliana kwamba hawakuwa na nia ya dhati. Kisha siku moja nilikaa karibu na mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika upya. Alipobakisha visanduku viwili ukurasa ulimtoa na kufuta kila kitu. Hakulalamika. Aliniangalia akasema, "Labda mimi ndiye sijui." Maneno hayo hayajanitoka hadi leo. Kosa lilikuwa langu. Lilikuwa namba moja ndani ya mstari mmoja wa msimbo, na yeye ndiye aliyelibeba, tena akiamini ni lake. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, inataka mtu aweze kuzima ukomo wa muda au kuuongeza kabla haujamwangukia. Kanuni ilikuwepo, ni mimi ambaye sikuwa nimeisoma.

Sasa kuhusu uungwana. Uungwana ni hisani: ukimpisha mtu kwenye foleni atakushukuru, na usipompisha hujamdhulumu. Huduma ya kuandikisha watu haimo katika kundi hilo. Asiyeandikishwa hakipati wanachokipata wenzake, na kilichomzuia si macho yake, ni kalenda mliyoichagua ninyi wakati tarehe inaweza kuulizwa kwa njia nyingine nyingi. Chama cha wanataaluma wa kompyuta cha ACM, kilichoanzishwa mwaka 1947, kilipoandika upya kanuni zake za maadili mwaka 2018 kilisema wazi kwamba kutosanifu kwa ajili ya watu wote kunaweza kuwa ubaguzi usio wa haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unaitaja teknolojia ya habari na mawasiliano katika ibara ya 9, sambamba na majengo na barabara. Umoja wa Ulaya una sheria yake ya ufikiaji, yaani ya kuhakikisha watu wenye ulemavu wanaweza kutumia bidhaa na huduma, iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Nchini Marekani mtu asiyeona aliishtaki kampuni ya Domino's kwa kuwa hakuweza kuagiza chakula kupitia tovuti na aplikesheni yake. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sheria ya watu wenye ulemavu inazigusa huduma hizo, na Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza ombi la kampuni. Sheria nazipitia haraka kwa sababu hutofautiana nchi na nchi, na kwa sababu siamini kwamba mtu mwema huzihitaji ili alione tatizo. Lakini zipo, na kwenye kikao hufungua masikio.

Tuingie kwenye fomu yenyewe, maana hapo ndipo penye nyama. Kila kisanduku mlichokiwekea alama ya lazima ni sheria ndogo, na mara nyingi aliyeitunga ni mtu mmoja aliyekuwa akifikiria jina lake mwenyewe. Sukarno na Suharto, marais wawili wa kwanza wa Indonesia, kila mmoja alikuwa na jina moja tu. Kwenye fomu yenu wangeambiwa hawajajaza jina la ukoo. Nchini Iceland watu wengi hawana jina la ukoo kabisa, jina la pili humtaja baba au mama, na kaka na dada wa tumbo moja hutofautiana mwisho wa jina hilo. Wahispania hubeba mawili ya ukoo. Ng na Wu ni majina kamili, na bado kuna programu zinazodai herufi tatu au zaidi. Matokeo yake watu hujifunza kuidanganya mashine: huandika jina lilelile mara mbili, au huweka nukta, au neno "hakuna", na kanzidata yenu hujaa watu wa ukoo wa Hakuna. Baadaye hati yao ya kusafiria haifanani na usajili wao, na wao ndio wanaoitwa kuhojiwa.

Halafu kuna ritifaa. Sisi tunaoandika ng'ombe na king'ong'o tunajua kwamba alama hiyo ni sehemu ya tahajia, haikudondoka hapo kwa bahati mbaya. Hata hivyo fomu nyingi huikataa kwa madai kwamba jina lina herufi zisizoruhusiwa. Ukiona mfumo unaikataa, shuku kuna hofu nyuma yake: aliyeuandika huenda anayabandika maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza kanzidata, na alama hiyo inaweza kuivunja amri na kumfungulia mwizi kanzidata nzima. Dawa ya tatizo hilo ni kutenganisha amri na data kwa kutumia vigezo, yaani nafasi zilizotengwa ambamo maneno ya mtumiaji huingia kama data tu. Kumkatalia mtu jina lake si dawa. Nalipenda sana jambo hili kama mfano wa kufundishia, kwa sababu marekebisho yaleyale yanaufanya mfumo uwe salama zaidi na uwapokee watu wengi zaidi.

Ushauri wangu ni kisanduku kimoja cha jina kamili, kinachopokea maandishi ya kila namna ya Unicode, mfumo wa kompyuta unaobeba herufi za lugha nyingi, bila idadi ya chini ya herufi zaidi ya moja. Kama mnahitaji kumsalimia mtu kwenye ujumbe, ongezeni kisanduku cha hiari kinachouliza angependa kuitwaje.

Kalenda nayo iondoeni, hata kama isingemkwamisha kipofu yeyote. Aliyezaliwa mwaka 1950 akirudi nyuma mwezi mmoja mmoja kutoka leo atabofya mara 900 na zaidi. Tarehe ya kuzaliwa mtu anaijua kichwani, hahitaji kuona ilikuwa siku gani ya juma. Mpeni visanduku vitatu vya kuandika siku, mwezi na mwaka, kila kimoja na lebo yake iliyounganishwa nacho kwenye msimbo, na siku na mwezi viweze kuachwa wazi. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 150 walio chini ya miaka 5 hawajaandikishwa kuzaliwa kwao. Watoto kama hao hukua wakajaza fomu. Ukimlazimisha mtu kuitaja siku asiyoijua, ataibuni, na mwaka mwingine ataibuni nyingine.

Mengine ya kiufundi nayataja kwa mkato kwa kuwa ni mepesi kuyarekebisha. Tumieni vipengele ambavyo HTML, lugha ya kuundia kurasa za tovuti, inavyo tayari. Kitufe kiwe button halisi, kisiwe div, yaani kisanduku kitupu kisicho na maana yoyote, iliyopakwa rangi, kwa sababu kisoma skrini hakitajua kwamba hiyo ni kitu cha kubonyeza na kibodi haitaifikia. Maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Msidhani haya ni makosa ya watu wachache wavivu: taasisi ya WebAIM, inayokagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, ilikuta mwaka 2024 kwamba asilimia 95.9 ya kurasa hizo zilikuwa na kasoro zinazogundulika kwa mashine, na iliyoongoza ilikuwa maandishi yaliyofifia.

Picha ya uso inanitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaeleza, na hukuiuliza. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kutoka kwenye picha. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7 kwenye mfumo mmojawapo. Hiyo ilikuwa kazi ya kukisia jinsia. Inayowahusu ninyi ni kulinganisha uso na uso, nayo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliipima mwaka 2019 kwenye algoriti 189, yaani programu za utambuzi. Ilikuta kwamba nyingi zilimchanganya mtu na mtu mwingine mara 10 hadi 100 zaidi kwa nyuso za Waasia na Wamarekani weusi kuliko kwa nyuso za Wazungu, kutegemea algoriti. Hakuna aliyeandika mstari wa msimbo unaosema mbague huyu. Mashine hujifunza kutokana na picha ilizolishwa, na moja ya makusanyo ya picha yaliyokuwa yakitumika sana wakati ule kuzipima mashine hizo lilikuwa na nyuso nyeupe kwa karibu asilimia 80. Lakini kwenye kipimo cha NIST tofauti kati ya algoriti na algoriti ilikuwa kubwa, na nyingine zilifanya vizuri kwa makundi yote. Maana yake mnaweza kuchagua. Aliyewauzia mfumo huo mtakeni matokeo yaliyochambuliwa kundi kwa kundi, msikubali wastani mmoja. Wastani wa asilimia 98 unaweza kuwaficha ndani yake watu ambao kwao mashine haifanyi kazi kabisa. Na awepo binadamu wa kumwandikisha ambaye uso wake umekataliwa, au ambaye hataki kupigwa picha, bila kumfanya ajione mshukiwa.

Sasa lile neno "baadaye". Simlaumu kiongozi wako, nami nimelitumia mara nyingi. Tatizo lake ni kwamba programu huganda haraka kuliko tunavyofikiri. Mkizindua na safu mbili za majina kwenye kanzidata, ndani ya miezi sita kutakuwa na ripoti zinazozisoma, mfumo mwingine unaozipokea, na barua zinazochapishwa kwa kuzitegemea. Kuzigeuza wakati huo kutahitaji ruhusa za idara ambazo leo hata hazijui kwamba mpo. Walioamua miaka ya 1960 na 1970 kuandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta hawakukusudia mtindo huo udumu hadi 2000. Kila mmoja alijua kuna baadaye, na kwa miongo mitatu baadaye hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Kubadili fomu yenu leo ni kazi ya siku chache kwa timu ya watu watano. Hesabu hiyo ndiyo ya kumpelekea kiongozi, kwa saa za kazi zilizoandikwa.

Kabla sijafika kwenye nafasi yako wewe, nataka uuweke akilini mfumo wa Horizon wa Shirika la Posta la Uingereza. Ulianza kutumika mwaka 1999, na ulikuwa ukionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Zaidi ya wasimamizi 900 wa vituo vya posta walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo. Baadhi walifungwa, wengine walilipa kutoka mifukoni mwao pesa ambazo hazikuwa zimepotea. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hukumu kwa mkupuo. Kasoro katika programu ni jambo la kawaida, kila mmoja wetu huziandika. Kilichowaangamiza watu wale ni kwamba mtu na mashine walipopingana, mashine iliaminiwa, na kila msimamizi aliyepiga simu kuomba msaada alijiona yuko peke yake. Nakuambia haya kwa sababu fomu yenu nayo itapingana na watu. Itamwambia mtu jina lake si sahihi, uso wake si wake. Je, kuna namba ya kupiga? Aliye upande wa pili ana uwezo wa kurekebisha, au atamsomea tu ujumbe uleule uliomo kwenye skrini? Swali hili liulizwe kabla ya kuzindua, na jibu lake liwe na jina la mtu anayehusika.

Haya, wewe. Kwanza, acha kulieleza jambo hili kama suala la wema, maana wema kwenye orodha ya kazi huwekwa mwisho. Liandike pale mnapoandika kasoro nyingine, kwa lugha ileile: "Mtumiaji anayetumia kibodi pekee hawezi kupita sehemu ya tarehe, usajili haukamiliki." Kasoro inayozuia usajili usikamilike ina daraja lake, na kila mhandisi analijua daraja hilo. Chini yake andika hatua za kuirudia na marekebisho unayopendekeza. Kiongozi akiamua isubiri, uamuzi wake uandikwe hapo hapo na tarehe yake. Kufanya hivyo si kumtega. Uamuzi ulioandikwa hufikiriwa mara mbili, na usioandikwa husahauliwa na kila mtu isipokuwa yule uliyemgusa.

Pili, mwombe akae na wewe dakika tano. Chomoa kipanya, washa kisoma skrini, zima skrini, kisha mwombe ajiandikishe mwenyewe. Fanya hivyo mkiwa wawili, si mbele ya timu, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hutetea msimamo wake hata akiwa ameshaacha kuuamini. Nimeona viongozi wagumu wakibadilika hapo kuliko kwenye kikao chochote. Kisoma skrini cha NVDA hakiuzwi, kinapatikana bure. Kilianza kutengenezwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akaungana naye mwenzake James Teh, naye pia asiyeona, kwa sababu visoma skrini vilivyokuwepo viliuzwa kwa bei iliyowashinda wengi. Kila ninapofikiria neno ujumuishi nawakumbuka wale wawili: waliokuwa wakihesabiwa kama wapokeaji wa huduma ndio walioandika chombo ambacho wewe na mimi tunajifunzia.

Ndiyo maana majaribio yako peke yako hayatoshi, wala hayatoshi ya vikaguzi vya mashine, ambavyo hugundua sehemu tu ya matatizo. Wewe ukiwasha kisoma skrini ni mtu anayeona aliyefumba macho kwa muda. Anayekitumia kila siku husikiliza kwa kasi ambayo wewe hutaelewa neno, anaruka kwa vichwa vya habari, na atakukuta mahali ambapo hukujua una kosa. Tafuteni watu wa namna hiyo kupitia vyama vyao, wajaribu fomu mapema, na muwalipe kama mnavyomlipa mshauri mwingine yeyote. Kumwomba mtu mwenye ulemavu akufanyie kazi ya kitaalamu bure kwa kuwa ni kwa faida yake ni kosa ambalo watu wema hulifanya mara nyingi.

Tatu, mengi hayahitaji kibali. Hakuna mtu atakayekuita ofisini kwa kuwa umetumia button badala ya div, umeunganisha lebo na kisanduku chake, au umekoleza maandishi. Huo ni ufundi tu, na ufundi mzuri uko mikononi mwa anayeandika.

Na mpaka wa kukataa uko wapi? Mimi natofautisha timu inayochelewa kufanya jema na timu inayokuagiza udanganye. Ya kwanza nitabishana nayo nikiwa ndani, hata kwa miaka. Ya pili haina mjadala. Mhandisi wa Volkswagen, James Liang, alishiriki kuunda programu iliyokuwa ikitambua gari linapopimwa moshi ili lionekane safi kwa muda wa kipimo. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani ilimfunga miezi 40. Hakuwa mkurugenzi wala mwenye kampuni, na cheo chake hakikumkinga. Siku utakapoambiwa ufiche kitufe cha kujitoa ili watu wasikipate, au uandike kwamba data haihifadhiwi wakati inahifadhiwa, hapo kataa kwa maandishi. Mliyonayo leo hayajafika huko, na ningependa usimwone kiongozi wako kama mtu mbaya.

Limebaki lile la jinsia, nami nimeliacha mwisho kwa sababu marekebisho yake yanagusa kila safu mnayoikusanya. Timu nyingi hukimbilia kubishana kuhusu idadi ya chaguo. Mimi ningeanza na swali jingine: baada ya mtu kujaza, ni sehemu gani ya mfumo inayolisoma jibu hilo, na inafanya nini nalo? Safu isiyo na kazi haikai bure. Kabla ya vita vikuu vya pili masijala za Uholanzi ziliandika dini ya kila mkazi, kwa nia njema ya kiutawala na kwa ustadi mkubwa. Wanazi walipoivamia nchi hiyo walizikuta kadi ziko tayari. Tarehe 27 Machi 1943 wapinzani wa uvamizi waliilipua masijala ya Amsterdam kujaribu kuziunguza, na kumi na wawili kati yao waliuawa kwa kupigwa risasi. Wayahudi wapatao 102,000 wa nchi hiyo hawakunusurika. Miaka mingi baadaye, katika nchi hiyo hiyo, mamlaka ya kodi iliweka uraia wa mwombaji kama kiashiria cha hatari kwenye algoriti ya kukagua ruzuku za malezi ya watoto. Maelfu ya familia zilisukumwa kwenye madeni, na serikali nzima ikajiuzulu Januari 2021. Mara zote mbili ilikuwa safu moja kwenye jedwali.

Kwa hiyo fuatilieni safu ya jinsia kwenye msimbo wenu hadi mwisho wake. Kama inasomwa na huduma ya afya inayohitaji kujua nani aitwe kwa kipimo gani, basi ulizeni jambo hilo mahususi, mwelezeni mtu kwa nini mnauliza, na pawe na nafasi ya kutojibu. Kama haisomwi popote, kama ilivyo kwenye fomu nyingi nilizowahi kukagua, ifuteni kwenye fomu na kwenye kanzidata kabla ya kuzindua. Ni kazi ya asubuhi moja.